Jumapili Isiyo na Daftari

Mwanamke wa Dar es Salaam hajawahi kukosa kikundi. Ana kikoba cha mtaani, ana upatu wa kazini, yumo katika kamati ya kitchen party ya mtoto wa jirani, na juu ya hayo yote yumo katika kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, ambalo huamka pale tu mwenzao anapofiwa. Sivitaji kwa kuvibeza, kwa maana ni kikoba kilichonilipia ada ya mtoto wa kwanza. Lakini kila kimoja hunijia na daftari mkononi: umetoa, hujatoa, unadaiwa, kitambaa cha sare ni kiasi gani. Nilikuwa na umri wa miaka 41 nilipokutana na kikundi kisicho na daftari, nacho hukusanyika Mwenge kila Jumapili saa kumi na mbili kasorobo, giza likiwa bado halijaondoka, kikiwa na baiskeli tu.

Mimi nilizaliwa Tanga, mji ambao watu wake huenda sokoni, msikitini na hata harusini kwa baiskeli. Nyumbani kwetu ilikuwapo Phoenix nyeusi ya babu, yenye karia pana na kengele iliyosikika tangu mwisho wa mtaa. Kaka zangu waliijua kabla miguu yao haijafika kwenye pedeli: walipenyeza mguu mmoja chini ya bomba la juu, wakajipinda ubavu, wakaondoka. Nilipoiomba mimi, bibi alinijibu kwamba mtoto wa kike akipanda baiskeli huharibika, na kwa kuwa hakuna aliyenieleza ni kitu gani hasa kinachoharibika, niliishi miaka mingi na hofu ya jambo nisilolijua. Baadaye sana nilifika Jambiani, Unguja, nikawaona akina mama wa makamo wakinyonga baiskeli zao kutoka shamba, baibui zikipepea na mizigo ya kuni ikiwa nyuma, wala hapakuwa na mtu aliyegeuka kuwatazama. Aliyekuwa akishangaa ni mimi peke yangu.

Nilijifunza katika uwanja wa shule ya msingi huko Sinza, jioni, mwanangu wa miaka 14 akiwa ameishika siti kwa nyuma na kunikemea kwa adabu: "Mama, usiangalie tairi, angalia unakokwenda." Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mtumba. Mume wangu aliniambia niwe mwangalifu, kisha akauliza Jumapili chai itapikwa na nani. (Inapikwa na yeye, na si mbaya, ingawa tangawizi huizidisha.) Barabarani nako hakukukosa maneno, hasa ya makonda. Mmoja alichungulia mlangoni mwa daladala akaniuliza kwa sauti iliyofika hadi siti ya nyuma iwapo mzee amekataa kunipa nauli.

Tunapita barabara ya Ali Hassan Mwinyi, tunaingia Oysterbay, tunavuka Daraja la Tanzanite hadi upande wa Aga Khan, kisha tunarudi. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo, urefu ambao ndani ya gari huisha kabla hujamaliza sentensi. Juu ya baiskeli, upepo wa bahari ukikupiga ubavuni, unaujua kila mita. Niliishi katika jiji hili miaka 20 nikidhani ni tambarare, mpaka siku tuliyopanda kwenda Chuo Kikuu ndipo nikaelewa kwa nini watu wanapaita Mlimani.

Hata hivyo, si bahari inayonitoa kitandani. Ninachokipata pale ni saa mbili ambazo siendi kumhudumia mtu. Ukimwona mwanamke wa rika langu yuko njiani, anakwenda sokoni, kazini, hospitali kumwangalia mgonjwa, au msibani. Kutoka nyumbani bila sababu ya kumfaa mwingine ni jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulifanya tangu tuolewe, na sikuwa na habari kwamba ninalihitaji hadi nilipolipata. Undugu nao ulizaliwa humo humo, na kwa sababu isiyo ya kishairi hata kidogo: mwanamke mmoja juu ya baiskeli gizani ni rahisi kubughudhiwa na ni rahisi kugongwa, bali wanawake 11 waliopangana mstari na taa nyekundu nyuma, hata malori huwapisha.

Nikumbuke asubuhi moja ambayo tairi langu la nyuma lilipata pancha mwisho wa daraja. Afisa wa benki alimulika kwa simu, mwalimu wa sekondari akaipindua baiskeli juu chini, na aliyepiga magoti ni mwenzetu anayeuza samaki Feri. Alilitoa tairi kwenye rimu kwa mpini wa kijiko, akaivuta tyubu, akaijaza upepo, na kwa kuwa hatukuwa na beseni la maji la kutafutia mapovu, akaipitisha polepole karibu na shavu lake mpaka ngozi ikahisi pumzi inapotokea. Akapiga msasa, akapaka gundi, kisha akangoja ikauke kabla ya kubandika kiraka, na kungoja huko ndiko sisi wenye haraka hutushinda. Baba yake alikuwa fundi baiskeli Mbagala. Miaka yote ya utoto wake mwenzetu alimpokeza baba vifaa, akaijua baiskeli spoku kwa spoku, lakini kuipanda hakuruhusiwa.

Sasa kuna wanaotaka tuwe na mwenyekiti, mweka hazina, fulana za sare na mchango wa kila mwezi. Wengine wanasema tunakosa lengo, hivyo tuanze kujipima kwa saa na kufikiria mashindano. Mashindano nayapenda. Mwezi wa Septemba 2025, mbio za ubingwa wa dunia za barabarani zilipofika Afrika kwa mara ya kwanza, pale Kigali, nilikaa mbele ya simu nikiwatazama wanawake wakipanda vilima kwa zaidi ya kilomita 160 hadi Magdeleine Vallieres wa Kanada akaibuka mshindi, na chai yangu ikapoa. Lakini ninayatazama kama ninavyotazama mpira. Ukimpa mama saa ya kumpima Jumapili alfajiri, umemwongezea bosi mwingine.

Kuhusu mchango nilisimama nikapinga. Nilisema siku tutakayofungua daftari, atakayekuwa hajatoa ataona haya kuja, na pole pole tutabaki wale wale ambao hata vikoba havitutishi. Kama tunataka kusumbuka kwa pamoja, tusumbukie njia. Kando ya Barabara ya Morogoro, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, njia za baiskeli zipo, ila ukiingia humo unakutana na bodaboda uso kwa uso, na mbele kidogo meza ya machungwa. Umma wa Wapanda Baiskeli, UWABA, wamelisemea jambo la barabara salama kwa muda mrefu, na nionavyo mimi sauti za akina mama zingewaongezea uzito.

Nilidhani muuza samaki ataniunga mkono. Hakuniunga. Alisubiri nimalize, akasema, "Dada, wewe una baiskeli yako. Mimi hii ya kuazima, mwenyewe akisafiri nayo ndiyo basi. Mkichanga, ya kwangu itanunuliwa." Aliyasema bila hasira, huku akimenya muhogo wa ufukwe wa Coco uliokuwa bado una moto. Nilikuwa na hoja zangu tayari, na sikuitoa hata moja. Bado naamini daftari litatuharibia Jumapili zetu, lakini nimegundua kwamba niliyekuwa nikimsemea hakunituma.

Jumapili hii tunavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, na tumekubaliana kwamba suala la mchango halitazungumzwa hadi turudi. Jirani yangu ana baiskeli ambayo haijaguswa tangu Pasaka. Jana nimeipeleka kwa fundi, nikamwomba ashushe siti, kwa maana mwenzetu ni mfupi.