Nani Apige Hodi? Wakala wa Zabbix Kwenye Seva ya Linux Iliyo Mbali

Fungua faili la /etc/zabbix/zabbix_agent2.conf kwenye seva ya Linux iliyotoka kuwekewa wakala wa Zabbix (programu ndogo inayopima hali ya mashine kwa ajili ya seva ya ufuatiliaji), utakuta mistari hii mitatu:

Server=127.0.0.1
ServerActive=127.0.0.1
Hostname=Zabbix server

Kawaida fundi huweka anwani ya seva ya ufuatiliaji kwenye mistari miwili ya kwanza, huandika jina la mashine kwenye wa tatu, kisha huwasha huduma upya na kwenda zake. Grafu zikianza kuchora, hakuna anayerudi kuuliza data imepita njia gani. Swali hilo hujitokeza siku mtandao wa tawi unapokatika na kengele zote kulia kwa pamoja, au zisilie kabisa.

Mistari miwili ya kwanza inafanana kwa sura, lakini kazi zake zinapishana. Server= ni orodha ya wanaoruhusiwa kuja kumuuliza wakala: seva ya ufuatiliaji inabisha kwenye poti 10050 ya mashine, inauliza kipimo kimoja, inajibiwa, inafunga muunganisho. ServerActive= ni mahali ambapo wakala anakwenda mwenyewe: anabisha kwenye poti 10051 ya seva ya ufuatiliaji, anachukua orodha ya vipimo anavyotakiwa kupima, kisha anavituma kwa mafungu. Wa kwanza tumwite wakala anayeulizwa, wa pili wakala anayeripoti. Programu ni hiyo hiyo moja, na inaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kinachoamua kipimo kipi kipite wapi ni aina iliyochaguliwa kwenye kiolezo, yaani seti ya vipimo iliyotayarishwa, na violezo vya Linux vinavyokuja na Zabbix vipo vya pande zote mbili.

Wanaotetea wakala anayeulizwa wana hoja nzito, na ya kwanza ni wepesi wa kutafuta kosa. Ukiwa kwenye seva ya ufuatiliaji unaandika:

zabbix_get -s 10.20.0.15 -k agent.ping

Jibu likiwa 1, njia ni safi. Likiwa kosa la muda kuisha, tazama ngome (firewall). Muunganisho ukifunguka na kufungwa papo hapo bila jibu, karibu kila mara anwani unayotokea haimo kwenye Server=. Kwa amri moja umejua tatizo liko upande gani. Wakala anayeripoti hana kipimo rahisi namna hiyo: unasoma logi yake, unasubiri, unasoma tena. Hata ile huduma ya kuagiza kipimo kichukuliwe sasa hivi, kwake haifanyi kazi.

Hoja ya pili ni maana ya kimya. Seva ikiuliza na isijibiwe, inajua kwamba imeuliza na haikujibiwa. Kwa mipangilio ya awali inarudia kila baada ya sekunde 15, na zikipita sekunde 45 bila jibu inaitangaza mashine kuwa haifikiki, kisha inaendelea kubisha kila dakika. Kuna pia jambo dogo ambalo wengi hulikosea: kipimo cha system.localtime, kinacholinganisha saa ya mashine na saa ya seva, kina maana kwa kuulizwa tu. Thamani iliyokaa dakika tatu kwenye bafa ya wakala, yaani kumbukumbu ya kusubiria kutumwa, haiwezi kukuambia saa imepotoka kiasi gani.

Hoja zote hizo zinasimama juu ya sharti moja, kwamba seva ya ufuatiliaji inaweza kuifikia mashine. Ndani ya kituo cha data sharti hilo halina gharama. Kwenye tawi la Saccos lenye seva moja chini ya meza, ruta ya 4G na laini ya data, sharti halipo. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya IP ya umma kwa pamoja, na kufungua poti kwenye ruta hakusaidii kitu, kwa sababu kizuizi kiko kwa mtoa huduma. Unaweza kununua anwani ya kudumu, au ukajenga handaki la WireGuard (njia binafsi iliyofichwa ndani ya intaneti) lenye PersistentKeepalive = 25 upande wa tawi ili njia isifungwe na NAT, yaani huo utaratibu wa kugawana anwani. Handaki hilo kweli linarudisha faida zote za kuulizwa. Lakini sasa una kitu cha pili cha kufuatilia: handaki likianguka, mashine zote za tawi zinaonekana zimekufa, ingawa wateja dirishani wanahudumiwa kama kawaida.

Hapo ndipo wakala anayeripoti anapopata nafasi yake. Anatoka nje kama kivinjari chochote kinavyotoka, na ruta haina habari. Kubadilika kwa anwani ya tawi kila modemu ikiwashwa upya hakumsumbui. Usajili wa mashine mpya wa kujiendesha, unaoweza kuongozwa na HostMetadata=, unafanyika kwa njia hii peke yake, na vipimo vya kusoma mafaili ya logi kwa ufunguo wa log[] pia. Ukitaka kufuatilia majaribio ya kuingia kwa SSH kwenye Ubuntu, utahitaji wakala anayeripoti upende usipende, na tena utahitaji kumpa ruhusa: /var/log/auth.log linasomwa na kundi la adm, kwa hiyo usermod -aG adm zabbix, kisha huduma iwashwe upya. Ukijaribu kulisoma faili ukiwa root litafunguka, lakini kipimo kikiendeshwa na mtumiaji zabbix asiye na ruhusa hiyo kitakataa.

Kuhusu matumizi ya bando, watu hubishana sana bila kupiga hesabu. Chukua vipimo 40 vya kila dakika. Kwa kuulizwa, kila kipimo ni muunganisho wake: 40 mara dakika 1,440 za siku, sawa na miunganisho 57,600. Anayeripoti hutuma kwa mafungu, hivyo ana nafuu kubwa, lakini naye ana tundu lake. Tangu toleo la 6.4, RefreshActiveChecks, yaani muda wa kwenda kuuliza kama orodha ya vipimo imebadilika, umeshushwa kutoka sekunde 120 hadi 5. Huo ni msafara wa mara 17,280 kwa siku badala ya 720, hata kama hakuna kilichobadilika. Ukikadiria kilobaiti moja tu kwa kila safari, usimbaji fiche ukiwa ndani yake, ni takribani megabaiti 17 kwa siku, zaidi ya 500 kwa mwezi, za kuuliza "kuna jipya?" Kwenye kituo cha data hilo ni jambo la kupendeza, mabadiliko yanaonekana papo hapo. Kwenye laini ya bando ni ubadhirifu. Weka 300. BufferSend nayo, ambayo mwanzo ni sekunde 5, ipandishe hadi 30 au 60. Hakuna msimamizi wa seva ya tawi anayehitaji kujua hali ya diski kwa usahihi wa sekunde tano.

Upungufu mkubwa wa anayeripoti unabaki kuwa ule wa kimya. Asiporipoti, huwezi kujua kama mashine imezimika, laini imeisha salio, au wakala mwenyewe amekwama. Toleo la 6.2 lilipunguza ukungu huo kwa kuongeza mapigo ya moyo, HeartbeatFrequency, ambayo kwa mpangilio wa awali hutumwa kila sekunde 60. Hata hivyo mapigo hayo yanapita njia ile ile ya data. Njia ikikatika, nayo yamekatika. Tiba ya kweli ni shahidi wa pili: pima ruta ya tawi kwa ping kama ina anwani inayofikika, au weka sharti la nodata (kengele ilie data isipofika) la dakika 5 kwa mashine na jingine la jumla kwa tawi zima, halafu la mashine litegemee la tawi. Bila utegemezi huo, laini moja ikikatika saa nane usiku simu ya msimamizi inapokea ujumbe kumi na mbili kwa kosa moja.

Data ya muda wa kukatika nayo inategemea bafa. Wakala wa zamani, zabbix_agentd, anaweka thamani 100 kwenye kumbukumbu. Wakala 2 anaweka 1,000. Kwa vipimo 40 kwa dakika, wa kwanza anajaa baada ya dakika mbili na nusu, wa pili baada ya 25. Baada ya hapo thamani za zamani zinaanza kutupwa, na umeme ukikatika zote zimepotea. Wakala 2 ana dawa, ila imezimwa hadi uiwashe:

EnablePersistentBuffer=1
PersistentBufferFile=/var/lib/zabbix/agent2.db
PersistentBufferPeriod=12h

Saraka hiyo lazima iwepo na iwe mali ya mtumiaji zabbix, la sivyo wakala hawaki. Na kabla hujafurahia grafu zisizo na mapengo, fikiria kengele. Laini ikirudi baada ya kukatika kwa muda wa saa sita, thamani za nyuma zinaingia kwa mfuatano na masharti yanapimwa juu yake. Unaweza kupokea taarifa kwamba kichakataji kilielemewa saa tisa usiku, ikifuatwa na taarifa kwamba kimetulia, zote mbili asubuhi ukiwa kwenye chai. Kwa uchunguzi wa kilichotokea ni dhahabu. Kwa mtu wa zamu anayetakiwa kuchukua hatua sasa ni kelele. Binafsi ningechagua kelele hizo kuliko pengo, lakini nisingeziunganisha na ujumbe wa simu bila kuchuja.

Upande wa usalama, kila kambi hudai ushindi. Wa kuripoti husema hakuna poti inayofunguliwa kwenye tawi, na ni kweli. Wanachokiacha ni kwamba poti 10051 ya seva ya ufuatiliaji sasa iko wazi kwa dunia, maana huwezi kujua matawi yatatokea anwani gani. Bila usimbaji fiche, yeyote anayelijua jina la mashine yako anaweza kuomba orodha ya vipimo vyake, na hata kutuma thamani za uongo. Kwa hiyo ufunguo wa pamoja (PSK) si pambo:

openssl rand -hex 32 > /etc/zabbix/tawi.psk
chown zabbix:zabbix /etc/zabbix/tawi.psk
chmod 400 /etc/zabbix/tawi.psk

Kisha kwenye usanidi: TLSConnect=psk, TLSAccept=psk, TLSPSKFile= na njia ya faili hilo, na TLSPSKIdentity= yenye jina la kipekee kwa kila mashine. Jina hilo husafiri bila kufichwa, usiweke siri ndani yake. Kosa linalorudiwa zaidi hapa ni kusahau kwamba TLSConnect inatawala safari za kutoka na TLSAccept zinazoingia, na kwamba kwenye ukurasa wa mashine ndani ya Zabbix kuna chaguo mbili zinazolingana nazo. Ukiweka PSK kwa miunganisho inayokwenda kwa mashine na kuacha inayotoka kwa mashine, wakala anayeripoti atakataliwa, wakati zabbix_get yako inajibu vizuri kabisa.

Kuhusu jina: Hostname= lazima lilingane na jina la mashine ndani ya Zabbix herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Anayeulizwa halijali, kwa sababu anafuatwa kwa anwani. Anayeripoti hutambuliwa kwalo, na lisipolingana logi itaandika kwamba mashine haikupatikana. Ndiyo maana fundi aliyeacha "Zabbix server" hugundua baada ya wiki kwamba nusu ya vipimo inafanya kazi na nusu haina data.

Sioni sababu ya kutafuta mshindi mmoja. Mashine zilizo kwenye mtandao unaoumiliki ziulizwe. Ngome ifungue 10050 kwa anwani moja tu ya seva ya ufuatiliaji. Mashine moja au mbili nyuma ya laini ya simu ziripoti zenyewe, huku Server=127.0.0.1 na ListenIP=127.0.0.1 zikibaki ili kusiwe na mgeni wa kubisha. Tawi likiwa na mashine tano na kuendelea, pamoja na swichi na printa, ubishi unahamia mahali pengine: weka proksi ya Zabbix kwenye kompyuta ndogo hapo hapo, iulize mashine za ndani kwa raha zake, kisha iripoti nje kwa niaba ya zote. Kumbuka tu kupandisha ProxyOfflineBuffer, muda ambao proksi inatunza data laini ikikatika, kwa sababu huanza na saa 1, na laini zetu hukatika kwa muda mrefu kuliko huo. Ninachokipinga ni mseto uliotokea kwa bahati mbaya, mistari yote miwili ikiwa na anwani ile ile na hakuna anayejua kipimo kipi kinapita wapi.

Ukishamaliza usanidi, chomoa kebo ya ruta kwa dakika 40, muda unaozidi zile 25 za bafa ya kawaida, kisha irudishe. Hesabu ujumbe uliopokea, halafu tazama kama grafu ya hizo dakika 40 imejazwa.