Rangi ya mzinga wa vita: tuamini kadi ya rangi au chuma chenyewe?

Anayekarabati mzinga au kifaru cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia hufika mahali ambapo kutu imeondolewa, mitambo imerudi mahali pake, na swali linalobaki ni la rangi. Hapo wakarabati hugawanyika. Wapo wanaoshika nyaraka, yaani amri za jeshi, kadi za rangi na namba zake, na wapo wanaoshikilia kwamba ushahidi halali ni ule ulioganda kwenye chuma. Mimi naegemea upande wa chuma, ingawa nakiri kwamba bila nyaraka chuma hicho hakisomeki.

Hoja ya wenye nyaraka ina uzito, kwa kuwa rangi ya vita haikuchaguliwa na fundi bali iliamriwa. Tarehe 18 Februari 1943 jeshi la Ujerumani liliagiza kwamba zana zitoke viwandani zikiwa na rangi ya Dunkelgelb, yenye umanjano uliofifia, badala ya kijivu kilichokoza cha awali, na vikosi vikapewa rangi nzito ya kijani na ya hudhurungi nyekundu ili vijichoree mabaka. Uingereza, ilipopungukiwa na malighafi ya rangi ya kijani katikati ya vita, ilihamia hudhurungi iliyoitwa SCC 2, kisha mwaka 1944 ikachukua SCC 15, kijani cha zaituni kilichokaribiana na kile cha zana za Marekani. Asiyejua mfuatano huo anaweza kupaka mzinga wa 1942 rangi ambayo jeshi lake lilikuwa bado halijaichukua.

Lakini amri ni jambo moja na kadi iliyo mkononi leo ni jambo lingine. Namba RAL 7028, iliyokuwa ya Dunkelgelb, haimo tena katika orodha ya kawaida ya RAL, mfumo wa Kijerumani wa kuzipa rangi namba, kwa hiyo kopo linalouzwa kwa jina hilo lina tafsiri ya mtengenezaji wake, na makopo ya watengenezaji wawili yanaweza kutofautiana waziwazi. Namba za rangi za Marekani za FS 595, zinazotajwa sana katika mijadala ya zana za vita, zilitolewa mwaka 1956, miaka 11 baada ya vita kwisha. Ni za kulinganishia tu. Tena hakuna waraka unaoweza kutueleza askari walizimua ile rangi nzito kwa petroli au maji kiasi gani, wala kama waliipaka kwa bomba la kupulizia au kwa brashi. Picha za zamani nazo hazikati shauri: filamu isiyohisi wekundu huifanya hudhurungi nyekundu ionekane karibu nyeusi.

Chuma chenyewe kinasemaje? Chukua mzinga wa Kiingereza wa pauni 25 (ndio uzito wa kombora lake) uliotengenezwa mwaka 1942 na kuendelea kutumika baada ya vita. Ukifungua kibati cha namba kwenye kigari chake, au ukichungulia nyuma ya kishikio kilichofungwa kwa boliti, kisha ukasugua polepole kwa msasa laini uliolowa maji, unaweza kupata duara dogo lenye pete: juu kijani kinachong'aa cha miaka ya amani, chini yake zaituni isiyong'aa, chini zaidi hudhurungi, na mwisho rangi ya msingi iliyoshika chuma. Pete hizo ni historia ya mzinga huo mmoja, na hakuna kadi inayoweza kuitoa. (Maji ni ya lazima, pamoja na barakoa inayofaa, kwa sababu rangi za enzi hizo huweza kuwa na madini ya risasi na kromati, na vumbi lake ni sumu.)

Wapenzi wa chuma, hata hivyo, huvuka mipaka wanapodhani kwamba rangi iliyofichika haijabadilika. Mafuta ya kitani yaliyotumika kushikanisha rangi hugeuka manjano yakikaa gizani, kwa hiyo kijivu kilichofunikwa na kibati kwa miaka 80 kinaweza kuonekana cha kijani kuliko kilivyokuwa, huku kile kilichopigwa na jua kikipauka na kutoa unga. Spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi, itapima kwa usahihi, lakini itapima rangi ya leo. Vilevile rangi mbili zenye viambato tofauti zinaweza kufanana chini ya taa ya karakana na kuachana kabisa juani.

Kwa hiyo naona kazi igawanywe: tabaka zituambie rangi zipi zilipakwa na kwa mfuatano gani, nyaraka zitupe majina na tarehe zake, na uamuzi wa mwisho ufanywe juani, kibao cha majaribio kikiwa kimekauka na kuwekwa kando ya duara lililofunguliwa. Kiwango cha mng'ao kizingatiwe kuliko inavyofanyika sasa; rangi sahihi inayong'aa kwenye mzinga wa 1944 hupotosha zaidi kuliko rangi iliyokosea kidogo lakini haing'ai.

Hati ya Venice ya 1964, iliyoandikwa kwa ajili ya majengo ya kale, inataka ukarabati ukome pale dhana inapoanza. Zana za vita zinastahili kanuni hiyohiyo. Anayeng'oa kila tabaka kwa kupuliza mchanga hadi chuma kiwe cheupe anamnyima mkarabati ajaye ushahidi, hata kama rangi mpya ni nzuri kiasi gani. Sehemu ndogo chini ya kibati iachwe bila kuguswa, ipigwe picha, na mchanganyiko wa rangi mpya uandikwe katika kumbukumbu za mzinga huo, ili anayetilia shaka aweze kufungua boliti mbili na kujionea mwenyewe.