Vituo vinne, bonde moja: EWURA iwabane TANESCO na DAWASA?

Mtera, Kidatu, Kihansi na Bwawa la Nyerere huhesabiwa kama vyanzo vinne vya umeme wa maji nchini Tanzania. Ukivitazama kwa upande wa mvua, ni chanzo kimoja. Mtera na Kidatu vinaishi kwa mto Ruaha Mkuu, Kihansi iko upande wa mto Kilombero, na maji ya mito yote hiyo hukutana Rufiji kabla ya kufika Bwawa la Nyerere, lenye megawati 2,115, takribani nusu ya uwezo wote wa nchi. Mvua ikigoma Nyanda za Juu Kusini, vyote vinne vinaumia pamoja.

Ndiyo maana nauunga mkono wito kwamba kampuni za umeme, kama TANESCO ya taifa, na mamlaka za maji, kama DAWASA ya Dar es Salaam, zilazimishwe kisheria na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kufanya tathmini ya mabadiliko ya tabianchi na kuichapisha: mtambo upi utasimama maji yakipungua, kituo kipi cha kupozea umeme kitafurika, bomba lipi litakauka. California iliagiza hivyo mwaka 2020 kupitia mdhibiti wake. New York ilitunga sheria mwaka 2022, nayo ilikuwa na kumbukumbu ya Oktoba 2012, pale maji ya kimbunga Sandy yalipovamia kituo cha kampuni ya Con Edison na kuitia gizani sehemu kubwa ya kusini mwa Manhattan.

Lakini wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni gharama. Tathmini ya namna hii inataka mshauri mwelekezi, na mshauri mwelekezi anataka fedha. TANESCO inaweza kumlipa. Mamlaka ya maji ya mji mdogo, ambayo inahangaika kununua dawa ya kutibu maji na kuziba mabomba yanayovuja, haiwezi. Kuibebesha mzigo uleule wa shirika la taifa ni kuionea.

Ya pili ni kwamba TANESCO ni mali ya umma. Nchini Marekani mdhibiti akiitoza kampuni faini, angalau kuna mwenye hisa wa kuumia. Hapa faini itatoka kwenye mfuko uleule unaojazwa na mimi na wewe tunaponunua umeme wa LUKU. Ukiongeza uzoefu wa Uingereza, ambako sheria ya mwaka 2008 iliipa serikali nguvu ya kuzidai taasisi ripoti za aina hii, awamu ya kwanza ikawa ya lazima na iliyofuata ikaachwa kuwa ya hiari, unaelewa hofu ya watu kwamba tutaishia na makabati yaliyojaa ripoti.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Wapo wanaosema tabianchi imegeuzwa kisingizio. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, na sababu kubwa inayotajwa ni maji kuchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu kule juu. Ukiandika tathmini ya tabianchi bila kuitaja mifereji ya Usangu, umeandika nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye wakubwa wa kuulizwa. Hili nalikubali kabisa. Ila kwangu linaonyesha kwamba tathmini ipanuliwe ifuate maji tangu yanakotoka. Halitoshi kuwa sababu ya kuiacha.

Maana gharama ya kutokufanya tathmini tumeshailipa. Ukame wa 2006 ulituletea mgawo wa umeme na mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, ambao kashfa yake ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Mwaka 2011 mgawo ukarudi. Oktoba 2015 vituo vya maji vilizimwa kwa kukosa maji. Mitambo ya dharura ya mafuta ni ghali kupita kiasi, na inanunuliwa kwa haraka, wakati hakuna mwenye nafasi ya kusoma mkataba vizuri.

Kwa upande wa maji ni hivyohivyo. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua, na Dar es Salaam iliyokuwa ikipata lita milioni 466 kwa siku ikabaki na takribani milioni 300. Mwenye simtanki uani alimpigia simu mwenye boza. Mpangaji wa chumba kimoja alipanga foleni na madumu, akanunua maji kwa bei atakayotajiwa. Bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190, limezungumzwa kwa miongo mingi kama dawa ya tatizo hilohilo.

Watetezi wa Bwawa la Nyerere watasema ukubwa wake ni kinga: linahifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, kwa hiyo linaweza kuvuka msimu mbaya. Ni kweli. Lakini Aprili 2024, mafuriko yalipozamisha mashamba Rufiji na Kibiti, wananchi walibishana kama bwawa limewapunguzia maji au limewaongezea. Tathmini iliyo wazi ingewapa watu wa chini ya bwawa majibu kabla ya masika.

Ningependa sharti hili lifungwe kwenye bei. EWURA tayari huitisha mikutano ya taftishi, yaani ya kusikiliza maoni ya umma, pale huduma inapoombewa bei mpya. Basi ombi la TANESCO, DAWASA au mamlaka nyingine kubwa lisipokelewe bila tathmini hiyo kuambatishwa, kwa Kiswahili, na mamlaka ndogo zifanyiwe na Wizara ya Maji kwa pamoja, bonde kwa bonde. New York walikaribia hapo: baada ya tathmini, kampuni zililazimika kuwasilisha mpango wa hatua na gharama zake mbele ya mdhibiti.

Kwenye taftishi ijayo, Baraza la Ushauri la Watumiaji, linalowatetea wateja wa huduma hizi, lianze na swali moja: mvua zikikosekana miaka miwili mfululizo Usangu na Kilombero, zitabaki megawati ngapi, na zitatoka wapi?