Andromeda wa Titian na ngozi aliyonyang'anywa

Mpwa wangu alitaka kuona mapanga na deraya, mimi nilitaka kuona picha moja tu. Jumba la makumbusho la Wallace Collection, pale Manchester Square, London, ina vyote viwili na kiingilio ni bure, kwa hiyo hatukugombana.

Picha yenyewe ni "Perseus na Andromeda" ya Titian, fundi wa Venice, aliyoichora kati ya 1554 na 1556 kwa ajili ya Philip wa Pili wa Hispania. Inakaribia mita 2 kila upande. Kushoto binti amefungwa minyororo jabalini, hana nguo isipokuwa kitambaa cheupe chepesi, na miguuni pake kuna matawi ya marijani. Upande wa pili Perseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, anateremka kutoka angani kichwa mbele, upanga uliopinda mkononi, na chini yake dubwana la baharini limeachama.

"Mjomba, huyu si anaanguka?"

Anaanguka kweli. Wachoraji wengine humpandisha farasi mwenye mabawa, akakaa kishujaa. Huyu wa Titian amejirusha kwanza, mengine atayafikiria njiani. Naipenda picha kwa hilo.

Kinachonikera ni ngozi ya binti. Andromeda ni mtoto wa Cepheus, mfalme wa Aithiopia. Mama yake, Cassiopeia, alijigamba kwamba uzuri wao unawashinda mabinti wa baharini. Poseidon, mungu wa bahari, akakasirika, akaleta dubwana, na aliyetakiwa kulipa kwa mdomo wa mama ni mwana. Hadithi yote inatokea kwa Waaithiopia, jina ambalo Wagiriki waliwaita watu weusi wa kusini mwa Misri. Sasa huyu aliyesimama mbele yetu ni mweupe pe kama maziwa.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba wapo watu wa kale walioipeleka hadithi hii Jaffa, pwani ya Mashariki ya Kati, si Afrika. Kwamba hata Ovid, mshairi wa Kirumi ambaye wachoraji wa zama zile walimtegemea, anasema katika Metamorphoses kuwa Perseus angemdhania binti yule sanamu ya marumaru, kama si upepo kuchezesha nywele zake na machozi kumtiririka. Sawa. Lakini Ovid huyohuyo, katika Ars Amatoria, anawashauri wanawake wenye ngozi nyeusi wavae nyeupe kwa sababu inawapendeza, na mfano anaoutoa ni nani? Binti Cepheus! Basi mtazame tena pale jabalini. Kitambaa cheupe kipo. Ngozi iliyokifanya kipendeze ndiyo iliyoachwa Venice.

Picha hii imepigwa eksirei, na imeonekana kwamba Titian alianza kwa kumweka Andromeda upande wa kulia, kisha akamhamishia kushoto. Alihangaika naye, maskini. Kila kitu cha binti huyu kiliweza kubadilishwa isipokuwa rangi, maana hiyo, nadhani, haikumpitia hata kichwani. Simlaumu sana, alimchorea mteja wa Hispania, mwaka 1554. Ninaowalaumu ni sisi tunaosimulia leo. Tunataja minyororo, tunataja zimwi, tukifika Aithiopia tunaimeza kama nusu kituo.

Mpwa wangu hakuwa na habari na haya. Alitaka kujua shujaa alimuua zimwi au la. Nikamwambia alimuua, lakini kwanza alikwenda kwa wazazi wa binti, waliokuwa wamesimama hapohapo wakilia, akaleta posa: nikimwokoa, awe mke wangu. Zimwi linakuja, watu wanajadili ndoa! Wazee wakakubali mbio, wakaongezea na ufalme juu.

"Halafu wakaoana?"

"Wakaoana. Ila binti alikuwa ameshachumbiwa."

"Na nani?"

"Ndugu yake baba. Baba mdogo, tuseme. Akaja na watu wake kuvamia harusi."

Akanitazama, akamtazama Andromeda, akanivuta mkono.

"Mjomba, twende kwenye mapanga."