Kondensa mbele ya zumari

Mafundi sauti wengi wa Unguja na Pemba wanashikilia kanuni moja: zumari na tarumbeta za beni zirikodiwe kwa maikrofoni ya dainamiki (inayofanya kazi kwa koili na sumaku), kwani kondensa, yaani maikrofoni yenye utando mwembamba na saketi inayohitaji umeme, ni laini mno na sauti itapasuka. Kanuni hiyo haikutoka hewani. Shure SM57, maikrofoni ya dainamiki inayouzwa tangu 1965, haina saketi ya kukuza sauti ndani yake wala haihitaji umeme wa volti 48 ambao mikseri huipelekea kondensa, na unyevu wa masika hauisumbui, ilhali kondensa ikiingia unyevu huanza kukwaruza. Kwa beni inayotembea mitaani, sina neno.

Studioni, hata hivyo, kondensa zinaonewa. Neumann U 87 Ai, ambayo wengi huichukulia kuwa kielelezo cha kondensa bora, hustahimili desibeli 117 kabla upotofu wa sauti haujafika asilimia 0.5, ilhali KM 184, kondensa nyingine ya kampuni hiyo hiyo, hufika 138. Desibeli 21 zinazozitenganisha ni mgandamizo wa sauti ulio mkubwa takriban mara 11. Basi anayepulizia tarumbeta shubiri moja mbele ya ile ya kwanza, akasikia mpasuko, hana haki ya kuihukumu ya pili.

Isitoshe, kinachozidiwa kwa kawaida si utando unaopokea sauti, bali saketi ndogo iliyo nyuma yake. Ndiyo maana swichi ya kupunguza desibeli 10 iliyo kwenye U 87 Ai huifikisha 127, lakini kuteremsha kipimo cha mikseri hakuokoi kitu. Fundi huzungusha kitufe mpaka taa nyekundu izimike, na mpasuko ubaki vile vile, kwa kuwa sauti iliharibika kabla ya kuingia kwenye waya. Mara nyingi hapo ndipo lawama huiangukia maikrofoni yenyewe.

Umbali nao una msaada wake: kutoka sentimita 15 hadi 30, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6.

Faida ni kubwa, maana zumari ina sauti nyingi za juu, na SM57 huishia hezi (mitetemo kwa sekunde) 15,000 wakati KM 184 hufika 20,000. Kwa hiyo, ndani ya chumba kikavu, ningeanza na kondensa inayostahimili desibeli 130 na zaidi, nikaielekeza pembeni kidogo ya mdomo wa zumari, na dainamiki ikasubiri zamu yake.