Birika Lilikuwa Jipya

Kabla ya yote: birika lilikuwa jipya. Najua wengi wenu mmeshasikia ile sauti ya Chidi, ya dakika nne, ambayo nusu yake ni kicheko tu na nusu iliyobaki anasema nimejisafisha pua kwa birika la chooni. Lilikuwa jipya. La plastiki, la kijani, lenye mdomo mrefu, sawa, aina ileile ambayo kila nyumba hukaa pale mnapopajua. Lakini nililinunua Ijumaa jioni na stika ya bei ilikuwa haijabanduliwa. Shilingi 3,500. Anayetaka kuiona stika aje, ninayo.

Mengine yote aliyosema ni kweli.

Sainasi yangu mnaijua. Kipupwe kikiingia tu na vumbi likianza, mimi kwisha habari. Safari hii ilikuwa wiki ya tatu: pua zimeziba zote mbili, mashavu yanauma nikiinama kufunga viatu, nikiongea utadhani nimo ndani ya pipa. Na ni wiki hiyohiyo nikateuliwa mshenga. Msidhani ni kwa busara zangu. Mdogo wake Chidi anaoa, mshenga mwenyewe kapata safari ya ghafla, wakatafuta mtu ambaye kanzu yake imeshapigwa pasi. Nikapatikana.

Sasa mshenga asiyeweza kutamka "mm" na "nn" ni mshenga gani? Nikaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akaniambia nisafishe pua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu: yanasukuma makamasi mazito, yanaondoa vumbi, na vile vinyweleo vya ndani vinavyofagia pua vinapata nafasi ya kufanya kazi yake. Si kwamba yanaponya kila kitu, akasema, ila yanapunguza mzigo. Akaniandikia kwenye karatasi. Kikombe kimoja, mililita 240. Chumvi nusu kijiko cha chai. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, amepiga mistari miwili: MAJI YACHEMSHWE.

Mimi nikacheka. "Daktari, nyumbani maji ya tanki tunakunywa hayahaya na tuko hai."

Hakucheka. Akanihadithia habari ya Louisiana, Marekani, mwaka 2011: watu wawili, kila mmoja nyumbani kwake, walisafisha pua kwa maji ya bomba. Humo alikuwemo amiba, mdudu asiyeonekana kwa macho, akapanda na njia ya pua mpaka kwenye ubongo. Wote wawili walikufa. Ukimnywa hakufanyi kitu, tumbo linammaliza. Ubaya wake ni akipita puani. Akaniambia na Karachi, Pakistan, wapo waliompata ambao hata kuogelea hawakwenda. Ni nadra sana, akasema, lakini wanaopona wanahesabika. Dakika moja ya maji kutokota kwelikweli inatosha, kisha uyaache yapoe.

Nyie, sikulala. Usiku kucha nalisikia tanki la nje likidondosha tone, nawaza kilichomo.

Jumamosi alfajiri nikayachemsha yale maji kama nachemsha makongoro. Dakika moja? Mimi nilichemsha mpaka kioo cha dirisha kikatoka jasho. Nikayaacha yapoe, nikayajaribu kwa kiwiko kama maji ya mtoto mchanga, nikayatia kwenye birika (JIPYA), nikaenda kwenye sinki. Kichwa kimeinamishwa upande, mdomo wazi, napumua kwa mdomo kama karatasi inavyosema. Nikamimina.

Mnakumbuka mara ya kwanza mlipopaliwa na maji mkijifunza kuogelea? Chukueni maumivu yale, yatieni pilipili, yapandisheni katikati ya macho. Nilipiga ukelele mmoja. Nikajua basi, amiba huyo kaingia, tena kaja na ukoo wake. Mama mwenye nyumba akagonga mlango: "We mwanangu, unachinja nini humo?"

Amiba hakuwemo. Chumvi ndiyo haikuwemo. Katika kumwogopa mdudu nilisahau chumvi, na pua haipendi maji matupu hata chembe. Nikarudi nikaweka chumvi, nikamimina tena, na hapo, wapendwa, ndipo nilipouona utamu wa dunia. Yanaingia pua ya kulia, yanatokea ya kushoto, bila maumivu, yakiteremka na vitu ambavyo sitawaelezea kwa sababu wengine mnasoma mkila. Hewa ikapita! Nikasema "mama". Nikasema "nanasi". Nikasema "ninamnong'oneza" mara tatu mfululizo.

Kosa langu lilianzia hapo. Karatasi ilisema kikombe kimoja. Mimi nikapiga hesabu ya Kibongo: kama kikombe kinafungua pua, birika zima litaifungua na akili. Nikalimaliza. Lita moja na nusu. Chini ya karatasi kulikuwa na mistari mingine, kwamba ukishamaliza uiname vizuri, uzungushe kichwa huku na huku maji yote yatoke, upenge taratibu bila kuziba tundu lolote, na usitoke muda huohuo. Hiyo sikuisoma. Chidi alikuwa nje anapiga honi.

Tukavuka na pantoni kwenda Kigamboni. Nilinusa dizeli, nikamshukuru Mungu. Nikanusa samaki. Nikamnusa Chidi, nikamwambia.

Ukweni tukapokelewa vizuri. Sebule imetandikwa mikeka, wazee watano upande wa pili, bibi mmoja kwenye kiti cha pembeni, shangazi wawili mlangoni wanatupima kwa macho. Chidi kabeba sinia: kitambaa cheupe, juu yake bahasha ya barua ya posa, imeandikwa jina la babu kwa kalamu ya wino na mtu mwenye mwandiko wake, si mimi. Nikatoa maneno. Na niseme tu, maneno niliyatoa. Nikasema tulikuwa wapita njia, tumeona ua zuri katika bustani ya wazee, na sisi si watu wa kuchungulia kwenye ua wa watu, tumekuja kubisha hodi. Babu akatikisa kichwa. Shangazi mmoja akasema "hee!" kwa kukubali. Sauti yangu ilikuwa safi kama ya mtangazaji wa redio.

Kisha nikachukua sinia kwa mikono miwili, nikasogea kwa magoti, nikainama kumkabidhi babu.

Kwanza nikasikia uvuguvugu nyuma ya jicho la kulia. Kidogo tu, kama mtu kamimina chai ndani ya shavu. Kisha sauti, "kluku", ambayo nadhani niliisikia peke yangu. Nikawaza, labda ni machozi, nimeguswa na shughuli. Ningeinua kichwa muda ule, leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini babu alikuwa ameshashika sinia upande wake, halipokei, kanikazia macho, ananiuliza: "Kwani wewe ni mtoto wa nani hasa?"

Nikafungua mdomo kujibu. Tone moja likaja likasimama kwenye ncha ya pua.

Halikudondoka. Lilining'inia pale likinenepa, na sebule nzima ikanyamaza kulitazama. Nililiona na mimi, kwa macho ya kengeza. Mikono yote miwili iko kwenye sinia. Nikajaribu kulivuta ndani, na kule kuvuta ndiko kulikofungua koki.

Yakaja yote. Maji meupe, masafi, ya uvuguvugu, yamechemshwa vizuri mno. Yakaangukia bahasha, ta-ta-ta-ta, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Herufi ya kwanza ya jina la babu ikavimba, ikapata mguu wa bluu, ikaanza kuondoka. Ya pili ikaifuata.

Na katikati ya aibu ile, naapa, pua ikazibuka kabisa, nikasikia harufu ya pilau kutoka jikoni. Iliki, bizari, mdalasini. Wiki tatu sijanusa chakula.

Shangazi ndiye aliyejaribu kuniokoa. "Mwacheni jamani, analia. Mshenga mwenye uchungu na ndoa."

Bibi kwenye kiti akasogeza miwani. "Analia kwa pua?"

Nikageuza kichwa upande nimwombe radhi bibi. Kumbe na shavu la kushoto lilikuwa na akiba yake. Ile ilienda kwenye kanzu ya babu, gotini.

Babu akaangalia goti. Akaangalia bahasha. Akaniangalia mimi. Akasema, polepole, kwa adabu zote: "Mshenga. Hili ua letu mmekuja kulichuma au kulimwagilia?"

Hapo ndipo Chidi alipoanguka ubavu kwenye mkeka, na ndiyo maana sauti yake ile nusu ni kicheko. Anasema zilitoka lita mbili. Mwongo. Daktari, niliporudi kwake Jumatatu, alinichorea: kila shavu lina pango lake, linachukua kama kijiko kimoja cha chakula, ila mlango wa pango uko juu, karibu na dari, si chini. Maji yakiingia yanatulia humo kimya mpaka siku ukiinama, na siku yangu ilikuwa ile. Basi ni vijiko viwili na chenga. Alinikemea kwa lile birika zima, akaniambia pua haioshwi kama gari, na chumvi niitafute isiyo na madini joto. Nilipomuulizia Mangi dukani, alinitazama kama nimemwomba sukari isiyo na utamu. Siku hizi nanunua pakiti duka la dawa. Kikombe kimoja. Jioni, nikiwa sina mahali pa kwenda.

Barua ikaanikwa mbele ya feni, ikasomwa ikiwa na mikunjo, pilau tukala, tukaondoka. Majibu yakaja Jumatano: wamekubali. Orodha ya mahari ina vitu kumi na moja, vya kawaida tu, mkaja wa mama, kilemba cha babu, kitanda na vikorokoro vyake. Cha kumi na moja kimeandikwa: "Leso dazeni moja, za mshenga."

Nikawaambia watafute mtu mwingine wa kupeleka mahari. Chidi akapiga simu Kigamboni kuwajulisha. Babu amekataa, anasema nisibadilishwe kwa hali yoyote. Ila nije mkavu.