Kwa Báez Walipatia, kwa Rizzo Hapana

Siku hizi ukigusia Julai 2021, mwezi ambao timu ya besiboli ya Chicago Cubs iliwatoa nyota wake ili ipewe vijana wa timu nyingine, mbele ya shabiki wake, jibu linakuja chapchap: mtazame Pete Crow-Armstrong. Na kweli ni wa kutazamwa. Msimu wa 2025 alipiga mipira 31 ikavuka ukuta, akaiba besi 35 (yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe), na pale katikati ya uwanja anadaka mipira ambayo wengine wangeisindikiza kwa macho tu. Alikuwa kijana wa miaka 19 anayeuguza bega New York Mets walipomtoa ili wampate Javier Báez. Jed Hoyer, bosi wa masuala ya uchezaji pale Cubs, alicheza kamari akala. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu unaanza watu wanapomtumia kijana huyo mmoja kufuta hesabu yote. Julai 29 na 30 hakuondoka Báez peke yake. Anthony Rizzo alipelekwa Yankees, Kris Bryant akapelekwa Giants. Hao ndio waliobeba timu ya 2016, iliyochukua ubingwa baada ya klabu kukaa miaka 108 bila kuuonja. Mpira wa mwisho wa fainali ile dhidi ya Cleveland ulimfuata Bryant. Aliuokota huku anacheka, akateleza akiurusha, ukamfikia Rizzo kwenye besi ya kwanza, naye akautia mfuko wa nyuma wa suruali. Kuna watu Chicago walizika babu na baba wakiusubiri mpira ule.

Tuliozoea usajili wa soka tunajua mchezaji lazima akubali kuhama. Besiboli ya Marekani haiko hivyo. Ukiondoa wachache wenye kinga, mchezaji anapigiwa simu tu, anafungasha.

Wanaomtetea Hoyer wana hoja. Mikataba ya wote watatu ilikuwa inaisha mwishoni mwa msimu, na timu ilishaporomoka. Juni 24 warushaji wanne wa Cubs waliwanyima Dodgers hata hiti moja (pigo linalomfikisha mpigaji salama kwenye besi) mechi nzima, tena kwao Los Angeles. Baada ya hapo Cubs wakapoteza mechi 11 mfululizo. (Kati ya warushaji hao wanne, watatu nao walikuwa wameshapelekwa timu nyingine Julai ilipoisha.) Halafu Colorado ikampa Bryant dola milioni 182 kwa miaka 7, akaishia kuuguza mgongo. Báez alipewa milioni 140 na Detroit, akapoteza makali misimu mitatu kabla ya kuchangamka 2025.

Sawa. Lakini kutowapa mikataba minono ni jambo moja, kuwauza vizuri ni jambo lingine. Kwa Bryant walipewa Caleb Kilian na Alexander Canario. Kwa Rizzo, Kevin Alcántara na Alexander Vizcaíno. Hadi msimu wa 2025 unakwisha, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na namba ya uhakika Wrigley Field, uwanja wa Cubs.

Rizzo ndiye anayeniuma. Mwaka wake wa kwanza, 2012, Cubs walipoteza mechi 101 naye akiwemo. Alikataa ofa ya miaka 5 iliyoripotiwa kuwa ya dola milioni 70, ni kweli, na klabu ilikuwa na haki ya kutoongeza senti. Ila alipoondoka, besi ya kwanza ikawa kama kiti cha kinyozi: alikaa Frank Schwindel, akaja Eric Hosmer, akaja Trey Mancini, mpaka Michael Busch alipotulia hapo 2024. Rizzo huyo huyo alipiga mipira 32 nje ya uwanja kwa Yankees msimu wa 2022. Septemba 2025 alirudi Wrigley kuagwa rasmi kama mchezaji wa Cubs, akaketi jukwaani na mashabiki, mpira wa Moisés Ballesteros ukaruka ukamfuata pale pale alipo. Akaudondosha! Uwanja mzima ukamshangilia hivyo hivyo.

Na kama kanuni ilikuwa kwamba mkataba ukikaribia kuisha unauza, mbona 2022 ilisahaulika? Willson Contreras alikuwa katika hali ile ile. Alikumbatiana na Ian Happ mbele ya mashabiki wakidhani ndiyo kwaheri, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji ikapita, wote wawili wakabaki. Msimu ulipoisha klabu ikampa Contreras ofa ya mwaka mmoja inayoruhusiwa na ligi, akaikataa, akaenda kwa mahasimu wao Cardinals, Cubs wakafidiwa nafasi ya ziada ya kuchagua kijana ligi inapogawa vipaji vipya kwa timu. Njia hiyo ilikuwa wazi kwa Rizzo pia. Angeikubali, wangekuwa naye 2022. Angeikataa, wangepata kijana wa kumlea, na Rizzo angemaliza msimu wake wa mwisho Chicago akiwa na jezi yake.